Mwenyekiti wa Transfoma

Nianze kwa kusema kwamba hakuna aliyenilazimisha. Fundi aliniwekea mambo matatu mezani, nikachagua moja mwenyewe, tena nikiwa nimevaa koti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi pole siitafuti. Nataka tu ieleweke jinsi mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya stima, anavyoweza kukalishwa kwenye benchi la mashine ya posho, ya kusagia mahindi, huku mkewe yuko Kericho, asiwe na la kufanya.

Mke wangu Phyllis husafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, Kericho mjini. Figo zake zilichoka mwaka juzi. Kutoka kwetu, juu kidogo ya Mogogosiek, ni zaidi ya kilomita hamsini. Kwenda si kazi. Kazi ni kurudi, kwa sababu akitoka kwenye mashine presha huwa imeshuka. Siku moja alianguka stejini mbele ya wauza karanga, nami nikabaki nimeshika mkoba wake na kuita watu. Tangu hapo tukamkodi James na Probox yake. Huyu James wazazi wake walitoka Nyeri zamani, ni dereva mzuri, lakini gari lake lilikuwa na magonjwa yake. Mwezi wa nne lilizima karibu na Litein mvua ikinyesha, na tulipofika, mashine ya Phyllis ilikuwa imepewa mtu mwingine. Siku mbili zilizofuata miguu yake ilivimba hata hakuna kiatu kilichomwingia. Sikutaka kuiona tena miguu ile.

Ndipo binti yetu Chepchirchir, anayefanya kazi Nairobi, akatuletea gari la umeme. Alikuja nalo Jumatano, dogo, jeupe, lisilo na kelele hata kidogo. Alikuwa amelichaji Nakuru, likafika kwetu likiwa na zaidi ya nusu ya chaji. Phyllis alikaa nyuma, akanyoosha miguu juu ya kiti, akafumba macho.

"Hapa nitarudi vizuri," alisema.

Jioni hiyo hiyo nikampigia James simu, nikamwambia asante, kazi imeisha. Nilimwambia kwa sauti ya mtu ambaye hatamhitaji mtu tena duniani. James alijibu tu, "Sawa, Mwalimu," na kesho yake akachukua kazi ya kubeba mayai.

Siku hiyo ya Alhamisi, Chepchirchir akiwa njiani kurudi kazini, alikuja fundi wa stima kutoka Kericho, Mgusii mmoja mpole anayeitwa Omwenga. Alizunguka nyumba, akafungua kisanduku cha mita, akaguna, akapigilia chuma cha ardhi ambacho miaka yote nyumba yangu haikuwa nacho. Kisha akakaa mezani na chai.

"Mwalimu, ya kwanza ni hii waya ndogo imekuja na gari," alisema. "Unachomeka kwa soketi ya kawaida. Inavuta kama birika ya stima, lakini birika yenye haizimwi. Ukiweka jioni, asubuhi iko na ya kwenda Kericho na kurudi. Ya pili ni boksi ya ukutani. Hiyo inajaza haraka mara tatu, lakini inavuta sana. Ya tatu ni sola na betri zake, na hiyo utauza ng'ombe."

"Ng'ombe hawauzwi."

"Basi ni mbili."

Chepchirchir naye akanipigia kutoka njiani. "Baba, anza na waya ndogo. Inatosha kabisa." Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kwangu mimi, gari kama lile kulichomeka kwenye soketi ya redio ilikuwa ni kulidharau, na kunidharau mimi pia. Kwenye simu nilikuwa nimeona boksi zile zina taa ya buluu mbele. Niliitaka ile taa, na niliitaka upande wa barabarani.

"Transfoma yenu iko na watu wangapi?" Omwenga akauliza.

"Nyumba thelathini na moja, na tangi la kupozea maziwa la ushirika."

"Iko karibu kujaa. Nani anaweza kukubali hii boksi iwekwe?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye mwenyekiti."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Transfoma ile hatukuletewa na mtu. Miaka minane iliyopita tulichanga nyumba kwa nyumba, nami nikiwa mwenyekiti na mwenye mwandiko mzuri, nikaandika sheria zake katika daftari jeusi. Sheria ya nne ilisema kwamba hakuna mtu atakayeunga mashine yoyote ya kuvuta nguvu isipokuwa tangi la maziwa. Haikuandikwa hewani. Iliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, jirani yangu Rodah.

Rodah alikuwa ndio kwanza amefiwa na mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa shamba kubwa la chai, na zile hela za marehemu alikuwa amenunulia mashine ya posho. Mashine ilishafika, imekaa nyuma ya nyumba, inangoja waya. Nilisimama mbele ya kokwet, yaani kikao cha majirani wote, nikaeleza kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba mashine ya Rodah itadhoofisha stima ya wengi. Watu wakaniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Ukweli ni kwamba jirani wa upande wa pili wa mto alikuwa na mashine kama ile, na kila ikiwashwa televisheni zao zilikuwa zinachezacheza. Mimi napenda kutazama habari ya saa moja bila kusumbuliwa. Ndiyo sababu yote. Rodah aliketi, na mpaka leo kuku wanataga ndani ya ile mashine.

Basi Omwenga akafunga boksi. Alipokuwa akipanda pikipiki alinionya, "Mwalimu, jioni usiwashe. Hiyo saa watu wanapika na maziwa inaingia kwa tangi. Ngoja mpaka saa nne." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni watu walianza kupita na mikebe yao ya maziwa kuelekea kwenye tangi. Nikawaza, saa nne nani ataiona taa? Nikachomeka. Ikawaka buluu, nzuri kabisa. Watu wakasimama kwenye ua wangu wa miiba ya kei-apple wakasema mashallah zao za Kikipsigis, nami nikajibu salamu kama ninayegawa zawadi. Phyllis alikuwa dirishani. Alitazama tu mikebe.

Nusu saa baadaye, juu ya nguzo kukasikika mlio mmoja, paa! Kilima kizima kikawa giza. Tangi nalo likanyamaza, na ndani yake mlikuwa na lita mia tisa.

Watu wa stima walipigiwa simu, wakasema watakuja. Asubuhi ya Ijumaa hawakuwa wamekuja, na lori la maziwa lilipofika, dereva alionja, akatema, akaondoka. Sisi tukapita pale saa moja na nusu tukielekea Kericho, na gari lile halina mlio, kwa hiyo hawakutusikia tukija. Walikuwa wanamwaga. Maziwa yalikuwa yanashuka mtaroni, meupe, yakipita kwenye mizizi ya chai ya watu. Kipruto, anayepima maziwa pale, aliinua kichwa akanipungia mkono.

"Mwalimu ametutengenezea mursik ya kijiji mzima!" akasema, akilinganisha maziwa yale na maziwa lala yetu ya kibuyuni, na wengine wakacheka.

Laiti wangenitukana. Kwa kicheko kile sikujua niweke wapi uso. Phyllis alisema polepole, "Simama uwaombe msamaha." Nikasema tutachelewa. Hatukuwa tumechelewa.

Stima ilirudi saa nane mchana wa siku ile. Tuliporudi, gari likiwa na asilimia kumi na tisa, nilimkuta mzee Kipsang, anayeongoza kokwet, ameegemea mlango wa kuingia kwangu. Alitusalimu, akamwuliza Phyllis hali, akasubiri mpaka ameingia ndani.

"Hiyo boksi isiwashwe mpaka tukae," alisema. "Hata ile waya nyingine. Tunakaa Jumatatu."

Sasa mgeni anaweza kuuliza, kwa nini sikuchomeka ile waya ndogo tu, nani angejua? Huyo haijui kokwet. Kokwet haipigi kura. Watu hukaa kwenye nyasi mpaka neno liwe moja, na likishakuwa moja hulivunji peke yako. Ukilivunja, siku ukifiwa utachimba kaburi na watoto wako. Neno kama hilo anaweza kulifungua mtu mmoja tu, yule ambaye lilimwumiza lilipofungwa. Sheria hiyo sikuiandika mimi, ilinikuta.

Jumatatu tukakaa. Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee Kipsang alinipa daftari jeusi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wewe ndiye uliandika. Tusomee ya nne."

Nikasoma. Niliwahi kusoma matangazo ya kufukuza wanafunzi, nikasoma risala za mazishi, lakini mwandiko wangu mwenyewe mbele ya watu wale niliusoma nikifuata kila neno kwa kidole. Nikaeleza kuhusu Phyllis, kuhusu Jumanne na Ijumaa, nikasema siombi boksi tena, naomba waya ndogo tu, inayovuta kama birika. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Wote wanampenda Phyllis. Kisha wote wakageuka kumtazama Rodah.

Rodah alikuwa amekaa pembeni akichambua mboga za mchicha kwenye leso yake. Hakuacha kuchambua.

"Mimi sina neno," alisema.

Katika kokwet, kusema huna neno si kukubali na si kukataa. Ni kuacha jambo lilale lilipo. Mzee Kipsang alisubiri kwa muda mrefu sana, halafu akasimama akakung'uta nyasi kwenye suruali, na watu wakaenda kukama. Nilibaki pale na daftari. Nilikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mimi.

Nikampigia James. "Pole, Mwalimu. Jumanne na Ijumaa napeleka mayai Bomet. Si ulisema imeisha?" Nikampigia mwingine, gari lake lilikuwa limevunjika shafti. Wa tatu alikuwa na mazishi Sigor. Phyllis aliniuliza jikoni, "Wamesemaje?" Nikamjibu, "Mambo yako sawa." Miaka arobaini ya ndoa, na uongo ulitoka bila kukwama.

Jumanne asubuhi nilimkuta tayari amekaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, mkoba mapajani, viatu vya kamba ambavyo havijafungwa kamba. Aliketi akinisubiri kama siku zote. Nikakaa kwenye usukani. Mbele yangu paliandikwa kumi na tisa. Hiyo ni kilomita kama arobaini na tano, na Kericho ni hamsini na kitu. Niliweka mikono juu ya usukani, nikaitoa, nikairudisha.

Ndipo Rodah akaingia uani na gunia nusu la mahindi kichwani. Nilidhani amekuja kunisema. Lakini alilitua nyuma ya gari, akangoja, na Phyllis akashusha kioo.

"Chamgei, Rodah. Mwalimu, mfungulie nyuma aweke mahindi."

"Mahindi gani?"

"Ya kila Jumanne," Phyllis alisema. "James alikuwa anamshusha kwa mashine Mogogosiek."

Nilikumbuka lile gunia. Mwaka mzima lilikuwa nyuma ya Probox, nikidhani ni biashara ya James, na mwanamke akishuka Mogogosiek, nikidhani ni abiria wa James. Nilikuwa nakaa mbele, nasoma gazeti, bila kugeuka hata mara moja.

Sikufungua. Nilisema, nikitazama usukani, "Iko asilimia kumi na tisa. Kericho haifiki."

Phyllis hakunitazama mimi, alitazama miguu yake, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

"Ulisema mambo yako sawa," alisema.

Niliweza kusema mengi darasani kwa miaka thelathini na minne, lakini pale nilifuta tu vumbi kwenye usukani. Rodah ndiye aliyeinama dirishani.

"Mogogosiek inafika?"

"Inafika."

"Basi fungua nyuma, tuende Mogogosiek. Mashine ya Mwihaki iko na stima yake ya soko, si ya transfoma yetu. Beba na ile waya yako ya birika."

Mwihaki ni mama mfanyabiashara, ana duka la mbolea na mashine ya posho nyuma yake. Tulipofika foleni ilikuwa imeshapinda mpaka nje, wanawake na magunia yao. Mwihaki alitazama gari, akanitazama, akanyoosha kidole kwenye soketi iliyojaa unga.

"Chomeka hapo, Mwalimu. Lakini ukinizimia mashine, hawa wamama watakusaga wewe."

Habari ya maziwa ilikuwa imefika kabla yetu.

Nilichomeka. Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti: saa moja inaongeza asilimia tano, na ili niende Kericho na kurudi bila kusukuma, nahitaji kuchaji mpaka saa saba mchana. Mashine ya Phyllis ilikuwa saa nne, na ikipita nusu saa wanampa mwingine. Nilihesabu tena. Hesabu ilikuwa ile ile. Nikaanza kusema nitampigia nesi Amondi wa kule hospitalini, pengine atatuonea huruma, pengine kesho, na nilijisikia jinsi ninavyoongea kama mtoto aliyepoteza kitabu.

Rodah alikuwa ameshamshusha Phyllis na kumshika mkono.

"Kwenda si shida, shida ni kurudi. Si ndiyo?" aliniuliza. "Mimi naenda na yeye kwa matatu. Nitakaa na yeye mpaka atoke. Wewe chaji gari, saa saba uje utuchukue."

"Rodah, mimi ndiye bwana yake. Ni mimi wa kwenda."

"Na gari italetwa na nani? Na mimi?"

Wanawake wa foleni wakacheka. Phyllis pia alitabasamu kidogo, na hiyo iliniuma kuliko kicheko chao chote.

"Rodah," nikasema, "kuhusu yale ya zamani, ile mashine yako..."

"Hapana," alinikata. "Jana nilisema sina neno, na leo bado sina. Hii ni ya Phyllis." Kisha akanisukumia gunia lake kwa mguu. "Usiiache foleni. Ukitoka hata kwenda choo, unaanza nyuma."

Wakaenda. Niliwatazama wakivuka barabara polepole, Rodah akiwa upande wa magari, mkono mmoja ameushika mkoba wa mke wangu. Mimi nikakaa kwenye benchi na gunia kati ya magoti.

Sijawahi kukaa mahali pale. Miaka yote minane unga ulikuwa unafika nyumbani na mimi naula. Sikujua kwamba benchi lina ubao mmoja tu, na kwamba kelele ya mashine ikikuingia kifuani haitoki. Kila dakika chache nilisogeza gunia hatua moja. Unga ulitua kwenye koti langu, nikaukung'uta, ukatua tena, nikaacha. Mama aliyekuwa mbele yangu aliniambia amekuja kwa miguu tangu alfajiri. Nilimwuliza anatoka wapi. Akataja kilima kilicho karibu na chetu. Sikuuliza kwa nini hawana mashine huko.

Saa tatu na dakika hamsini Rodah alinipigia kusema wamefika. Saa nne gari lilikuwa na asilimia ishirini na tisa. Nilianza kupumua. Saa tano, thelathini na nne, na nilikuwa nimebakiza watu wawili mbele yangu. Mwihaki akaniita kutoka kwenye mdomo wa mashine.

"Mwalimu, hiyo ya Rodah tunasaga laini ama ya kukwaruza?"

Sikujua. Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu, na sikujua anapikaje ugali wake.

Nilikuwa bado nimefungua mdomo pale stima ilipoenda. Mashine ilishuka sauti, ikashuka, ikakoma, na kimya chake kikajaa kibanda kizima. Nje, kitaa cha kijani kwenye gari langu kikazimika. Hakuna mwanamke aliyelalamika. Walitandika leso zao chini mmoja mmoja, wakakaa, wengine wakatoa sufu za kufuma. Walijua la kufanya, na la kufanya lilikuwa hilo.

"Huwa inachukua muda gani?" nikauliza.

"Inategemea," akasema yule mama.

Saa sita stima haikuwa imerudi. Saa saba pia. Asilimia thelathini na nne ingenifikisha Kericho, na kurudi ingetuacha mahali fulani baada ya Litein, Phyllis akiwa amelala nyuma na presha chini, barabarani. Niliwapigia wote niliowapigia jana. Niliwapigia hata watu wa stima, nikasikiliza muziki wao mpaka ukakatika. Saa saba na robo simu ikalia, na alikuwa Rodah.

"Ametoka kwa mashine. Amelala hapa kwa benchi, nimemwekea kichwa kwa mapaja. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa foleni. Stima imeenda."

Nilisikia sauti za korido ya hospitali nyuma yake, na karibu zaidi nilisikia mtu akipumua, nikajua ni Phyllis.

"Unga imetoka?" Rodah akauliza.

"Bado."

"Na gari?"

"Bado."

"Haya," alisema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kuweka viatu. "Basi kaa hapo, Mwalimu. Mimi hiyo benchi nimeikalia miaka minane. Utaizoea."